Micro:bit V2 katika klabu ya shule ya mchanganyiko: tathmini kwa walimu wanaotaka wasichana nao waandike programu

Walimu wanaoniulizia kuhusu micro:bit huanza na bei, kisha wengi wao huuliza kama wasichana wataipenda. Bei nitaieleza, lakini swali la pili ndilo lililonifanya niandike tathmini hii, kwa kuwa tangu kitoke kifaa hiki kimekuwa kikisifiwa kwamba huwavuta wasichana kwenye kompyuta. Nimekitumia, toleo lake la pili, katika klabu ya kompyuta ya shule ya kata ya mchanganyiko mkoani Tanga, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha tatu. Kwa ufupi, ni kifaa kizuri cha kufundishia, na hupunguza kweli baadhi ya vikwazo vinavyomfanya msichana ajione mgeni mbele ya kompyuta. Hata hivyo, kikiingizwa darasani bila utaratibu wa nani ashike nini, haitachukua muda kabla wavulana hawajawa waandishi wa programu na wasichana waandishi wa daftari.

Kwa wasiokifahamu, micro:bit ni kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi, yaani ubao mmoja wa sakiti wenye ukubwa wa takriban sentimita 4 kwa 5, unaoenea vizuri kiganjani mwa mtoto. Mbele kuna taa 25 nyekundu zilizopangwa tano kwa tano, kitufe A upande wa kushoto na kitufe B upande wa kulia. Ndani yake mna kihisi cha mtikisiko, dira, kipimajoto na redio ya kuwasiliana na vibao vingine. Toleo la pili, lililotangazwa Oktoba 2020, liliongeza spika, maikrofoni na nembo ya dhahabu inayohisi mguso wa kidole, pamoja na kumbukumbu ya kilobaiti 128 badala ya 16 za toleo la kwanza. Kwenye ukingo wa chini kuna matundu makubwa matano yaliyoandikwa 0, 1, 2, 3V na GND, ambako mwanafunzi hubana nyaya zenye vibanio vya meno, kama vile tunavyotumia kwenye maabara ya fizikia, na kuunganisha msumari, taa au spika ya nje.

Historia ya kifaa hiki inahusika moja kwa moja na mada yetu. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilitangaza mradi huu mwaka 2015, na kuanzia Machi 2016, baada ya kuchelewa kwa miezi kadhaa, takriban vibao milioni moja viligawiwa bure kwa wanafunzi wa nchi hiyo, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 11 au 12. Kila mtoto alipewa chake na kuruhusiwa kwenda nacho nyumbani. Baadaye mwaka huo huo ilianzishwa taasisi isiyo ya kibiashara ya kukiendeleza, nayo ndiyo inayosimamia matoleo mapya na masomo yanayopatikana bure kwenye intaneti.

Mwaka 2017 BBC ilitangaza maoni yaliyokusanywa kutoka kwa wanafunzi na walimu waliokitumia. Asilimia 90 ya wanafunzi walisema kimewaonyesha kwamba mtu yeyote anaweza kuandika programu, na asilimia 86 walisema kimelifanya somo la kompyuta livutie zaidi. Dai lililosambaa kuliko yote lilikuwa kwamba idadi ya wasichana ambao wangelichagua somo hilo ilipanda kwa asilimia 70. Wauzaji hupenda sana kulirudia dai hilo, nami naomba lisomwe kwa makini. Wasichana waliosema kwamba bila shaka wangelichagua somo la kompyuta walikuwa asilimia 23 kabla ya kukitumia kifaa, na asilimia 39 baada ya kukitumia. Kupanda kutoka 23 hadi 39 ni kweli ni ongezeko la asilimia 70 ya kilichokuwapo mwanzo, lakini maana yake pia ni kwamba wasichana sita katika kila kumi hawakufika mahali pa kusema "bila shaka" hata baada ya kugawiwa kifaa bure. Isitoshe, kusema kwamba utachagua somo si sawa na kulichagua siku fomu inapokuja, wazazi wakiwa na lao na ratiba ya shule ikiwa na lake. Sidharau matokeo hayo, maana pointi 16 si haba. Ninachosema ni kwamba mwalimu anayeagiza kifaa akitarajia kuiona asilimia 70 mlangoni pa klabu yake atavunjika moyo bure.

Pengo lenyewe halina ubishi. Katika PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, wa mwaka 2015, kwa wastani wa nchi za OECD (jumuiya ya nchi ambazo nyingi zina uchumi mkubwa), asilimia 4.8 ya wavulana wa miaka 15 walitarajia kufanya kazi za tehama wakiwa watu wazima. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 0.4. Wakati huo huo, upimaji mwingine wa kimataifa, ICILS wa mwaka 2013, ulionyesha wasichana wa darasa la nane wakipata alama za juu kuliko wavulana katika stadi za kompyuta na habari kwenye nchi nyingi zilizoshiriki, ilhali walijiamini kidogo kuliko wavulana katika kazi ngumu kama vile kuandika programu. Basi tunalozungumzia si uwezo. Wala si maumbile, kwa sababu nchini Marekani wanawake walikuwa takriban asilimia 37 ya waliopata shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta mwaka 1984, kisha sehemu yao ikashuka hadi chini ya asilimia 20, na nchini Malaysia vyuo vikuu vimekuwa na wanawake karibu nusu ya wanafunzi wa fani hiyo, mahali pengine zaidi ya nusu. Kinachoshuka namna hiyo ndani ya kizazi kimoja hakiwezi kuelezwa kwa damu wala ubongo. Chanzo kimo katika mazingira, na kifaa cha kufundishia ni sehemu ya mazingira hayo, kwa hiyo ni haki kukipima kwa kipimo hicho.

Nianze na sifa zake. Programu ya micro:bit huandikwa kwenye kompyuta ya kawaida kwa kutumia kihariri kiitwacho MakeCode, kilichotengenezwa na Microsoft, ambacho humruhusu mwanafunzi kupanga vitalu vya rangi badala ya kuandika mistari ya alama, na akishakomaa anaweza kugeukia lugha za programu za JavaScript au Python humo humo. Upande wa skrini kuna mfano wa kibao unaofanya kazi papo hapo, kiasi kwamba mwanafunzi ambaye hana kibao mkononi bado anaweza kuijaribu programu yake. Muda kati ya kufungua kihariri kwa mara ya kwanza na kuona moyo ukiwaka kwa taa nyekundu ni mfupi mno. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika darasa la kawaida la kompyuta, wavulana kadhaa huja wakiwa wameshachezea simu za kaka zao au kushinda kwenye vibanda vya michezo ya video, na wasichana wengi hawajawahi kuruhusiwa kwenda huko. Somo likianza kwa sintaksia, yaani kanuni za kuandika alama za programu, wale wachache waliotangulia huonekana kuwa wenye kipaji, na waliobaki hujihukumu mapema. Micro:bit huwapanga wote mstari mmoja, kwa kuwa karibu hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi kuigusa.

Sifa ya pili ni kwamba kifaa hiki hakina sura ya mtu fulani. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Sapna Cheryan na wenzake walichapisha utafiti uliokuwa rahisi kuuelewa: walibadilisha vitu vilivyomo katika chumba cha sayansi ya kompyuta, mara wakaweka mabango ya Star Trek (hadithi za filamu za safari za anga) na michezo ya video, mara mabango ya mandhari ya asili, wakakuta kwamba hamu ya wanawake kwa fani hiyo ilitofautiana kulingana na chumba walichoingia, ingawa fani ilikuwa ile ile. Kibao chenye taa 25 na vitufe viwili hakina roboti ya kivita wala gari la mashindano juu yake. Seti nyingi za roboti ninazoziona madukani zina sura hizo, na kisha tunashangaa kwa nini wasichana wanakaa nyuma. Hata hivyo sikubaliani na dawa ya upande wa pili, ya kuwapaka wasichana rangi ya waridi na kuwapa maua. Katika klabu yetu mchezo wa kupiga penalti, ambapo kibao kinatikiswa na taa inasogea kushoto au kulia mwa kipa, ulitengenezwa na wasichana wawili wanaoshabikia timu mbili ambazo kila Mtanzania anajua haziivi chungu kimoja.

Hapa ndipo inafaa kuilinganisha micro:bit na ndugu yake mkubwa, Arduino, kibao kingine cha kuandikia programu, ambayo baadhi ya walimu huipendekeza kwa sababu ina nguvu na nakala zake ni rahisi kupatikana. Mwaka 2007 mtafiti Leah Buechley alitoa kibao kiitwacho LilyPad, ambacho kwa utendaji ni Arduino, ila kimeumbwa ili kishonwe kwenye nguo kwa uzi unaopitisha umeme. Yeye na Benjamin Mako Hill walipokusanya kazi ambazo watu walikuwa wamezionyesha hadharani, katika utafiti uliotoka mwaka 2010, walikuta kwamba asilimia 65 ya kazi za LilyPad zilikuwa za wanawake, ilhali kwa Arduino ya kawaida zilikuwa asilimia 2. Utendaji haukubadilika, kilichobadilika ni kazi ambayo mtu aliona anaweza kuifanya nacho. Micro:bit ipo katikati ya hivyo viwili. Matundu yake makubwa yanaweza kushonewa uzi wa aina hiyo, na mafundi cherehani wetu wa klabu wameshaweka taa kwenye mkoba, lakini pia inakubali kuwa kipima unyevu, kengele ya mlango au saa ya kuhesabu muda wa mjadala. Kwa klabu ya mchanganyiko napendelea kifaa kinachokubali kazi nyingi kuliko kile ambacho kimeshaamua ni cha nani.

Kazi iliyotufaa kuliko zote ni ya kupima unyevu wa udongo kwa ajili ya bustani ya mchicha ya shule. Misumari miwili huchomekwa kwenye udongo, mmoja ukiunganishwa na 3V na mwingine na tundu la 0, na kibao husoma namba kati ya 0 na 1023, inayopanda kadiri udongo unavyokuwa na maji. Namba hiyo hupita kwenye taa herufi kwa herufi, polepole, kwa hiyo mtu lazima akae ameinama juu ya tuta na kuisubiri imalizike. Wanafunzi walipima udongo mkavu, wakamwagia kopo la maji, wakapima tena, kisha wakabishana namba ipi ihesabiwe kuwa kiu. Ubishi huo, ambao uliongozwa na msichana wa kidato cha pili ambaye kwao wanalima mboga za kuuza, ndio ulikuwa somo lenyewe la programu, maana kitalu cha "ikiwa" hakina maana hadi mtu aamue namba ya mpaka. Baadaye misumari ilianza kuota kutu upesi kuliko ilivyotazamiwa, tukalazimika kueleza kwamba umeme ukipita muda wote huila misumari hiyo, na kuhamisha ule wa 3V kwenda tundu la 1 ambalo programu huliwasha kwa muda wa kipimo tu. Kwa mwalimu wa fizikia au kemia, hii ni zawadi.

Kazi ya pili iliyowavuta wote bila kubagua ni redio. Vibao viwili vikiwekwa kwenye kundi moja, namba yoyote kuanzia 0 hadi 255, hutumiana ujumbe mfupi bila intaneti wala laini ya simu. Darasa zima lilianza kwenye kundi moja, na ujumbe wa kila mmoja ukaonekana kwa wote, kwa vicheko ambavyo mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuviulizia. Wasichana waligundua kwamba kubadili kundi kunawapa faragha, wavulana wakagundua kwamba kundi linaweza kutafutwa kwa kujaribu namba moja baada ya nyingine, na siku iliyofuata wasichana wale wale walikuwa na orodha ya siri ya kubadilisha herufi. Sikuwa nimepanga kufundisha usimbaji wa ujumbe katika kidato cha pili, lakini walioufikia hawakuhitaji mtu wa kuwashawishi kwamba jambo hilo lina faida.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote si ya umeme. Tuliponunua vibao, tulikuwa na kimoja kwa wanafunzi watatu, na kompyuta zetu ni chache kuliko hivyo. Katika kila kundi la watatu lenye mvulana, kipanya kilienda kwa mvulana, si kwa ugomvi bali kwa mazoea: msichana alisogea pembeni mwenyewe, akachukua kalamu, akawa katibu wa kikundi kama anavyokuwa katibu kwenye kila kamati ya shule. Ukipita ukauliza "mmefikia wapi," yeye ndiye aliyejibu, na kwa ufasaha. Ukimwambia akuonyeshe kwa mkono wake, alimtazama mwenzake kwanza. Mwongozo wa masomo unaopatikana kwenye tovuti ya micro:bit ni mzuri kwa mambo ya programu, lakini mwalimu mwenye vifaa vichache anahitaji zaidi msaada wa namna ya kuvigawa. Sisi tuliweka kanuni kwamba mshika kipanya haruhusiwi kuamua na mwamuzi haruhusiwi kushika kipanya, na nafasi hizo hubadilishana kila kitalu kipya kinapoongezwa. Kuna vikundi vya wasichana watupu pia, ambavyo husonga mbele kwa kasi, ila sivitumii wakati wote, kwa sababu chuoni na kazini hawatachaguliwa wa kukaa nao. Anayesoma matokeo ya Uingereza akumbuke kwamba kule kila mtoto alikuwa na chake. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya mafanikio yale ilitokana na hilo, na klabu inayonunua kimoja kwa watatu inanunua kifaa kile kile lakini hainunui jaribio lile lile.

Kasoro nyingine inahusu namna kifaa kinavyotoa taarifa ya kosa. Programu ikikwama vibaya, taa huchora uso uliokunja midomo, kisha namba, na namba hiyo haina maana kwa mwanafunzi mpaka aitafute kwenye intaneti. Siku moja makundi mawili yaliangukia kosa moja, la kipande cha programu kinachojianzisha upya chenyewe bila kikomo. Mvulana aliinua kibao juu na kusema, "Madam, hii ni mbovu, tupe nyingine." Msichana wa meza ya jirani alikiweka chini taratibu akasema, "Madam, imenuna, nimeiharibu." Uso ule ule, kosa lile lile, mmoja akalaumu kifaa na mwingine akajilaumu. Nilichopenda ni kwamba tiba yake ni nyepesi, kwa kuwa kosa la kwenye programu halikiui kibao: unarekebisha, unapakia upya, uso unacheka. Baada ya kuununisha mara kadhaa kwa makusudi, kama zoezi, msichana yule aliacha kuomba radhi. Hata hivyo ningefurahi sana kama watengenezaji wangeweka maneno mafupi ya kueleza kosa badala ya namba, hasa kwa wanaoanza.

Mifano iliyomo kwenye MakeCode ni mchanganyiko. Beji ya jina, kete, kihesabu hatua na mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi vinaeleweka bila maelezo. Kipo pia kipima mapenzi, ambapo unagusa tundu la 0 na kibao kinatoa asilimia ya upendo wako. Kilishika darasa lote, wavulana kwa wasichana, mpaka mmoja alipofungua kitalu na kukuta ni namba ya bahati nasibu, akatangaza matokeo hayo kwa sauti isiyo na huruma. Mifano inayogusa maisha ya hapa, kama kisima, duka, kuku au bustani, mwalimu itabidi aibuni mwenyewe.

Upande wa vitendea kazi, jihadharini na waya. Kibao huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB wa aina ile ya simu za zamani za Android, na wengi wa waya zinazouzwa vibandani huchaji tu, hazipitishi data. Muuzaji mmoja alitupatia fungu zima la namna hiyo, na dalili yake ni kwamba taa inawaka lakini kompyuta haikioni kibao. Nunueni ukiwa na kompyuta mkononi ya kujaribia. Intaneti si kikwazo kikubwa kama wengi wanavyodhani: ipo programu ya MakeCode inayowekwa kwenye kompyuta ya Windows na kutumika bila mtandao, na hata kihariri cha kwenye kivinjari, kikishafunguliwa mara moja, huendelea kufanya kazi mtandao ukikatika. Kutumia simu kwa njia ya Bluetooth kunawezekana, na kwa shule isiyo na kompyuta ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini kuunganisha simu na kibao husumbua, na tena simu hizo huwa za watu wenyewe. Katika kundi la wanafunzi, wenye ruhusa ya kushika simu ya mzazi ni wavulana kuliko wasichana, na pengo mnalolikimbia mlangoni linaingia kwa dirishani.

Na hilo linanileta kwenye saa za klabu, jambo ambalo halimo ndani ya boksi lakini lilibadilisha mahudhurio kuliko kifaa chenyewe. Klabu ilipokuwa Jumamosi asubuhi, wasichana walikuwa wachache, na ingekuwa rahisi kuandika kwenye taarifa kwamba hawana hamu na teknolojia. Jumamosi asubuhi ni saa ya kufua, kuchota maji na kumsaidia mama sokoni, na kazi hizo katika nyumba nyingi hazimgusi kijana wa kiume. Tulipoihamishia klabu ndani ya ratiba ya siku ya shule, katika kipindi cha michezo na stadi, wasichana walikuja bila tangazo jipya. Kwa hiyo naomba anayekitathmini kifaa hiki, au kingine chochote, asihesabu vichwa kabla ya kuuliza saa.

Mfano kwamba mazingira yakibadilishwa kwa makusudi matokeo hufuata si wa shule yetu peke yake. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani kilikuwa na wanawake asilimia 7 tu miongoni mwa walioanza sayansi ya kompyuta mwaka 1995, na kufikia mwaka 2000 walikuwa asilimia 42, baada ya kubadili vigezo vya udahili visivyopima uwezo na kutengeneza njia za kuanzia kwa wasio na uzoefu. Hawakununua kifaa kipya. Huku kwetu, mashirika ya kuwafundisha wasichana teknolojia, Apps and Girls lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, na AkiraChix la Nairobi lililoanza mwaka 2010, yamejenga kazi yao juu ya watu, muda na mahali salama pa kujifunzia, na vifaa vikafuata. Micro:bit inafaa kuingia katika mpango wa namna hiyo, wala haifai kuwa ndiyo mpango.

Kuhusu bei, kibao kimoja nje ya nchi huuzwa kwa takriban dola 15 hadi 20 za Marekani, na seti yenye waya na kishikio cha betri huzidi kidogo hapo. Usafirishaji na ushuru huongeza mzigo ambao shule ndogo inapaswa kuupigia hesabu mapema, ikiwezekana kwa kuagiza pamoja na shule jirani. Kama fedha zinatosha vibao kumi na kuna wanafunzi thelathini, ningeshauri kuanza na wanafunzi ishirini, wawili wawili, kwa muhula mmoja, kisha waingie wengine, kuliko kuwabana wote watatu watatu. Toleo la kwanza likipatikana kwa bei nafuu bado linafaa kwa kazi nyingi nilizozitaja, ila halina spika, na kimya chake kinapunguza raha kwa wanaoanza.

Ningekinunua tena bila kusita. Kwenye oda ijayo, kabla ya kuongeza vibao, ningeongeza vishikio vya betri, kwa sababu nyaya zake nyembamba hukatika shingoni pale wanafunzi wanapokiondoa kibao kwa kuvuta waya badala ya plagi. Na ningenunua betri za AAA za kuchajiwa pamoja na chaja yake, maana zile za bei ndogo za dukani hufifisha taa mapema, na watengenezaji wanashauri pawabenki zisitumike kukiendesha.